Maneno ya Mlangoni

Sauti ilitoka sebuleni, ikapenya ukuta mwembamba, ikawafikia wanawake waliokaa chini chumbani kwa marehemu. Haikuwa sauti ya mtu. Ilikuwa sauti ya kompyuta, kavu, inayotamka Kiswahili kama mgeni aliyejifunza vitabuni na hajapata kuishi na watu wanaokisema.

"Hapa. Hapakuhusu."

Khitma ilikuwa imekwisha. Dua imeitikiwa, ubani unamalizikia kwenye chetezo, na Bi Mwanamwema ndiyo kwanza ameinuka na sinia la vikombe vya chai. Alisimama pale pale. Hakuna aliyemtazama, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kumtazama, lakini alihisi uso wake umepata moto kama mtu aliyefunua chungu mvuke ukamrukia. Maneno yale aliyajua. Yalikuwa yake. Aliyasema mwenyewe jikoni kwake, Walthamstow, huku akikoroga uji, na leo yamemtangulia mpaka Thornton Heath, upande wa pili wa London, kwenye nyumba ya msiba.

"Nimekosea herufi," ilisikika sauti ya Bwana Asad upande wa pili. Ilikuwa sauti ya mfiwa anayejitahidi kuwachangamsha wageni wake. "Vidole hivi navyo vimeanza uzee. Ngojeni, mtamsikia."

Bwana Asad alikuwa haoni tangu sukari ilipomla macho. Aliandika kwa kupapasa, na kompyuta ikamsomea kwa sauti kila ilichomjibu. Wanawake waliacha kunong'ona. Zilisikika herufi zikigongwa moja moja, kwa uangalifu wa mtu anayepita kizani penye vyombo vya watu.

"Hapa. Hapakuhusu."

"Mashine za siku hizi," mgeni mmoja akasema, "hazikufundwa."

Wakacheka kidogo, kicheko cha kusaidiana. Bwana Asad naye akacheka. Kisha akajaribu tena, na safari hii mashine ilimkatalia na kumuaga kabisa: "Hapa. Hapakuhusu. Kwaheri."

Mzee mmoja akakohoa. Mwingine akaanzisha habari za treni za Croydon, namna zinavyowachelewesha watu kazini. Mwanamke aliyekaa karibu na mlango akauliza kwa sauti ya chini, "Anasemeshwa na nani hivyo, ndani ya nyumba yake, na mkewe hata wiki hajamaliza kaburini?"

Bi Mwanamwema aliliweka sinia chini, akaanza kugawa vikombe.

*

Ubao, ule wa matangazo ambao Bwana Asad alikuwa akijaribu kuufungua, ulikuwa kitu cha zamani kuliko watoto wa wengi waliokuwepo pale. Ameir, marehemu mume wa Bi Mwanamwema, na Bwana Asad waliuanzisha wakati Waunguja na Wapemba wa London walipokuwa wametawanyika kila pembe, simu ni ghali, na mtu anaweza kufia Edgware Road na wa Walthamstow akaja kusikia baada ya mwezi. Walipata kompyuta iliyotupwa na ofisi moja, wakaiunga na simu ya nyumbani, na kuanzia hapo mwenye kompyuta na laini ya simu aliweza kusoma nani amefariki na maziko wapi, nani kajifungua, nani ana chumba cha kupangisha, nani anakwenda nyumbani na ana nafasi kwenye mzigo wake. Maandishi matupu, picha hakuna. Simu za mkononi zilipokuja na makundi yake, vijana walidhani Ubao utakufa. Haukufa. Kwenye makundi watu waligombana, wakatumiana uvumi, wakatangaziana vifo vya watu walio hai. Ubao ulipoandika kwamba mtu amefariki, watu walisema inna lillahi, wakavaa, wakatoka.

Ameir alipofariki, mashine ilibaki kwenye kabati la chini ya ngazi, ikinguruma kama paka aliyeshiba. Bi Mwanamwema akaendelea nayo. Waliofikwa na jambo walimpigia simu, naye akaandika. Kila asubuhi baada ya sala ya Alfajiri alifungua kabati na kuitazama taa yake ya kijani kabla hajabandika maji ya chai. Aliiita amana. Neno hilo alilipenda. Lilimpa uzito mbele ya watu, na baadaye, alipokaa peke yake akalitafakari, alitambua kwamba lilimpa pia pa kujificha.

Mambo yalianza alipolazwa kwa ajili ya goti. Mtu mmoja wa Pemba alifariki, akazikwa na watu wa kuenea kwenye gari moja, kwa kuwa aliyezoea kutangaza alikuwa kitandani amelewa dawa. Aliporudi nyumbani akamwita Mahir, mtoto wa dada yake, mtu mzima mwenye mke na watoto, anayetunza kompyuta za ofisi moja huko mjini.

"Wape wengine njia ya kuingia, Mama mdogo," Mahir alimwambia. "Wachache unaowaamini."

"Waingie kwenye mashine ya marehemu? Wakiivuruga?"

"Hawataweza kuivuruga. Hebu sikiliza."

Akamweleza taratibu. Kila mtu atapewa ufunguo wake, ufunguo wa maandishi unaokaa ndani ya kompyuta yake. Ataingia kutoka nyumbani kwake, na atakachokikuta ni mstari mtupu unaosubiri amri. Amri zenyewe ni chache, naye atazitia kwa Kiswahili: andika, soma, rekebisha, ondoka. Mtu akiandika nyingine yoyote, mashine inakataa. Akikataliwa mara tatu, inamtoa. Hawezi kupenya zaidi ya hapo, hawezi kuizima, hawezi kufuta la mwenzake. Hata mwizi akiuiba ufunguo wa mtu, ataishia pale pale.

Bi Mwanamwema alifikiri. "Kama kibarazani," alisema. "Mtu anakaa, anakunywa kahawa, anazungumza na wapita njia. Ukumbi wa ndani hauoni."

"Hasa. Na wewe utaniambia kibaraza cha kila mmoja kiwe kipana kiasi gani."

Basi akapanga. Bi Raya, mke wa Bwana Asad, na wengine wachache wanaoaminika, waandike na wasome yote, hata matangazo ya miaka ya nyuma, ambayo Mahir alikwisha kuyapanga kwa majina ya walioyaandika. Ilipofika zamu ya Bwana Asad mwenyewe, alisita. Alikumbuka Ramadhani moja, macho ya yule bwana yakiwa yameanza kufifia, aliponakili saa za futari za mwaka uliopita, na simu zikamwandama Bi Mwanamwema mpaka sikio likamuuma.

"Bwana Asad mpe kuandika, na kusoma ya siku ile tu," alisema. "Ya zamani mfungie."

"Yeye ndiye aliyeuanzisha na marehemu."

"Haoni, Mahir. Atagusa kitu bila kujua."

"Hapa hapana cha kugusa kikaharibika. Ndiyo maana ya hicho kibaraza."

"Mfungie."

Mahir alimtazama, kisha akarudisha macho kwenye kioo. "Utamwambia?"

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Siku ile ile, Mahir akiwa anafunga kazi, aliuliza jambo la mwisho: mtu akijaribu kufika asikoruhusiwa, mashine imwambie nini? Kuna maneno ya Kiingereza tayari, lakini ni ya kifundi, watu hawatayaelewa. Bi Mwanamwema alikuwa na mwiko mkononi na uji unataka kushika chini.

"Iseme hapa hapakuhusu."

"Kavu hivyo?"

"Mlango hausemi maneno mengi."

Akajiona amesema jambo la busara. Alilikumbuka kwa siku kadhaa na kulifurahia.

*

Wageni walipokuwa wakitawanyika, Afnan alimletea koti lake. Alikuwa binti wa pekee wa Bwana Asad na marehemu Bi Raya, mwanamke aliyekwisha kuolewa, mwenye macho ya mamake na haraka ya mji huu. Kiswahili alikisikia chote lakini alijibu kwa Kiingereza, toka utotoni, na hakuna aliyemkera kwa hilo isipokuwa mamake.

"Baba alitaka wamsikie Mama," alisema kwa Kiingereza, huku akimsaidia kupenyeza mkono kwenye koti. "Kuna tangazo Mama aliliandika zamani, alikuwa akimsomea Baba tena na tena. Tangu mazishi alikuwa analingojea hilo tu."

"Masikini," Bi Mwanamwema alisema. Neno lilitoka jepesi, akatamani kulirudisha.

Ndani ya treni alitoa tasbihi mkobani na kuanza istighfari. Vidole vilihesabu peke yao, moyo ukawa kwingine. Kilichomtafuna hakikuwa yale maneno ya mashine. Maneno mabaya mtu huweza kuyasema na akayaomba radhi. Kilichomtafuna ni kwamba yule bwana alijitwisha kosa mwenyewe, mbele ya watu, kwa kicheko: nimekosea herufi. Na mwenye kosa alikuwa ng'ambo ya ukuta, na vikombe, na ulimi mzima kinywani, na alinyamaza. Akasaidia hata kuosha vyombo. Akapewa shukrani.

Pale Victoria alibadilisha treni. Mpaka kituo cha mwisho hakuwa amemaliza hata duru moja ya tasbihi.

Alimpigia Mahir kabla hajavua viatu. "Mfungulie Bwana Asad. Yote, kama wenzake."

"Kumetokea nini?"

"Mfungulie tu, mwanangu."

Alisikia akibofyabofya. "Tayari."

Haikuchukua hata muda wa maji kuchemka. Kitu kilichomtia mtu fedheha mbele ya waliokuja kumhani kilikuwa chepesi kiasi hicho kukiondoa. Bi Mwanamwema alikaa kwenye ngazi, juu ya kabati lenye mashine, akaisikia ikinguruma chini yake. Akajipa moyo. Bwana Asad atajaribu tena kesho, itafunguka, atadhani mtandao ulikuwa mbovu. Maji yatakuwa yamemwagika na kukauka, na hakuna atakayejua palipolowa.

Lakini kesho yake hakuingia. Mashine ilimwonyesha Bi Mwanamwema kila aliyeingia, maana ufunguo wake yeye ulikuwa ule mkubwa usiozuiwa na mlango wowote, na kila asubuhi, kabla ya chai, alitafuta jina moja tu. Halikuwepo. Wengine waliingia na kutoka. Mmoja alitangaza harusi. Mwingine alitafuta mtu wa kukaa na mama yake. Jina la Bwana Asad halikuonekana, na kutokuonekana kwake kukawa kunamtazama.

Mwishowe Afnan ndiye aliyepiga simu, kwa jambo jingine, kutaka kujua arobaini ya mamake itangazwe vipi. Bi Mwanamwema akauliza kwa nini baba asiiandike mwenyewe.

"Ameifungia kabatini kompyuta," Afnan alisema, Kiingereza chake kimepungua kasi. "Ndani ya kabati la nguo za Mama. Anataka niipeleke kwenye duka la misaada. Anasema hataki tena kuisikia sauti ile ndani ya nyumba."

*

Alikwenda siku ya pili, na mkate wa kumimina ameufunga kwenye kitambaa. Mvua ilikuwa ile ya London isiyonyesha wala kuacha. Afnan alimfungulia, akampeleka sebuleni, na kabla hajatoa salamu Bwana Asad akageuza uso kutoka kwenye hita.

"Hiyo ni hiliki," alisema. "Na huo ni mwendo wa goti la shemegi yangu."

"Assalamu alaikum, shemegi."

"Waalaikum salaam. Kaa. Afnan atatia chai. Usimwachie peke yake, atakupa maji ya moto yaliyoonyeshwa majani kwa mbali."

Kutoka jikoni Afnan alijibu kwa Kiingereza kwamba amesikia.

"Ndiyo nilivyokusudia," akasema babake.

Walizungumza. Waliulizana hali za waliopo na kuwarehemu wasiokuwepo. Bwana Asad alikuwa amekonda shingoni, ukosi wa shati umekuwa mkubwa. Mikono yake haikujua pa kukaa. Ilipapasa mkono wa kiti, ikarudi mapajani, ikapapasa tena, kama inayotafuta kitu kilichozoea kuwepo hapo. Bi Mwanamwema aliitazama mikono ile mpaka akashindwa.

"Nasikia kompyuta umeiweka kabatini."

"Nimeipumzisha."

"Jaribu tena, shemegi. Siku ile labda mtandao ulikuwa mbovu. Mahir amekwisha kutengeneza."

Hakukuwa na uongo mtupu katika maneno hayo. Labda ni labda, na kweli Mahir alitengeneza. Hata hivyo aliyasikia yakitoka na akajua ni ya namna gani, kama mtu anayemuuzia jirani samaki wa jana.

Bwana Asad alitabasamu. "Shemegi. Mimi na Ameir tuliziunga mashine hizo kwa mikono yetu, moshi wa risasi ya kulehemu unatuingia puani. Mtandao mbovu hausemi. Mtandao mbovu hunyamaza. Yale yalikuwa maneno ya mtu."

Bi Mwanamwema alikaza fundo la kitambaa cha mkate.

"Nilisema nimekosea herufi kwa ajili ya wageni. Sikukosea. Jina la Raya nitalikosea vipi?" Akaushika mkono wa kiti. "Nimekaa hapa nikafikiri. Mahir alitwambia kila mmoja ana ufunguo wake na mahali pake. Raya alikuwa na wake. Basi ni yeye aliyefunga. Pengine alipojua anaondoka. Mke tumelalia mto mmoja maisha mazima, kumbe alikuwa na mahali hapanihusu." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Simlaumu. Ujanani nilikuwa mkali, wewe unajua, Ameir alikuwa akinikataza. Nilidhani alikwisha kunisamehe. Sasa nakaa najiuliza ni lipi hasa. Maana yapo mengi, na wa kumuuliza hayupo."

Jikoni birika lilikuwa limeanza kuvuma. Bi Mwanamwema alikuja na hofu ya kuonekana mtu mbaya mbele ya mtu mmoja aliye hai. Hakujua kwamba siku zote hizo, wakati yeye akingoja aibu yake ikauke, kuna mwingine aliyekuwa ameibeba: Bi Raya, ambaye yeye mwenyewe alimwosha kwa mikono yake, akamvisha sanda, na ambaye hakubakiwa na ulimi wa kujitetea. Akinyamaza sasa hivi hakuna atakayejua. Kompyuta itapelekwa dukani, itauzwa, na Bwana Asad ataishi miaka yake iliyobaki akitafuta kosa lake lililomfanya mkewe amchukie.

"Si Raya," alisema.

Bwana Asad aligeuza sikio.

"Ni mimi. Maneno yale niliyasema mimi, Mahir akayatia. Na kufungiwa, nimekufungia mimi. Raya hakujua. Hakufunga kitu."

"Mmetufungia sote ya zamani?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Pale pangeweza kupitishwa uongo mdogo, mwembamba kama uzi, na mambo yote yakashoneka. Aliuona uzi wenyewe.

"Wengine wamefunguliwa," alisema. "Ulifungiwa wewe peke yako."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu huoni."

Afnan alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Haikujulikana amesimama muda gani. Alikuja, akaliweka mezani polepole, na aliposema hakusema kwa Kiingereza. Kiswahili chake kilikuwa cha kupapasa, kila neno linatafuta lake la pili, lakini yote yalifika.

"Ulikuwepo siku ile. Uliosha vikombe na mimi."

"Nilikuwepo," Bi Mwanamwema alisema.

"Ulisema masikini."

"Nilisema."

Alitamani machozi yaje, maana mwenye kulia hupewa kitambaa, naye huonekana kama amekwisha kulipa nusu. Hayakuja. Alikaa na uso wake mkavu, mkate wake bado umefungwa mapajani, na kwa mara ya kwanza alimshukuru Mungu kwamba Bwana Asad haoni, kisha akashtuka kwa kushukuru kitu kama hicho.

Bwana Asad alikuwa ameinamisha kichwa, midomo inacheza kidogo, kama mtu anayehesabu au anayeomba. Alipokiinua, uso wake ulikuwa umelegea mahali fulani karibu na macho.

"Kumbe hakufunga," alisema. Hakuwa akimwambia yeyote aliyekuwa chumbani.

Halafu akasema, "Afnan, nitolee ile mashine."

Ilikuja ikinukia udi wa nguo za Bi Raya. Aliiweka mapajani, akafuta kifuniko chake kwa kiganja, na vidole vyake vikakaa mahali pake bila kutafuta. Aliandika: soma, kisha jina la mkewe. Amri ilipokelewa, na ile sauti kavu ya kigeni ikaanza, ikisimama pasipo na kituo na kupita penye kituo.

"Tangazo. Bi Mwanamwema yuko eda. Wanaotaka kumwona waende baada ya Alasiri na wabishe hodi. Asiyeitikiwa asione vibaya. Mwenye nyumba yupo, ila leo hana nguvu za kufika mlangoni. Atakayerudi siku nyingine atapokewa. Raya."

Hakuwa amepata kulisoma. Katika siku zile za eda Raya ndiye aliyeishika mashine; yeye hakusoma kitu, hakula mpaka alishwe, na watu waliokuja wakabisha na kurudi hakuwajua. Alikumbuka tu kwamba baada ya eda hakuna hata mmoja aliyemnunia, na alilichukulia hilo kuwa ni wema wa watu.

"Hilo ndilo nililotaka wasikie," Bwana Asad alisema. "Namna yake ya kumrudisha mtu mlangoni. Unarudi umekataliwa na unajiona umekaribishwa." Akalirudia tangazo mara ya pili, sauti ameipunguza, sikio ameliinamisha karibu na mashine. Bi Mwanamwema na Afnan kila mmoja alitazama chai yake.

"Niwie radhi, shemegi," Bi Mwanamwema alisema ilipokwisha.

Bwana Asad alinyosha mkono. Ilimchukua muda kuelewa kwamba anaomba mkate. Alimfungulia kitambaa, akamkatia kipande. Alikitafuna taratibu.

"Umezidisha mafuta," alisema. "Raya alikuwa akikwambia."

Alipoinuka kuondoka, goti likalia, naye akamwita kutoka kitini.

"Mwambie Mahir asinifungulie mimi milango yote kwa ajili ya aibu yako. Afunge. Ila atufungie sote sawa, kibaraza kimoja, na wewe ukae hapo hapo. Ameir hakuijenga nyumba ile ili mtu mmoja awe ndani na wengine nje."

Afnan alimsindikiza mpaka mlangoni. Hakumvalisha koti. Alimshikia tu, mwenyewe akavaa.

*

Mahir alikuja siku ya mapumziko yake. Aliuchukua ule ufunguo mkubwa, akauweka mahali utakapotolewa kwa ajili ya matengenezo tu na kwa kujulishana, akampa mama yake mdogo ufunguo mdogo kama wa wenzake. Ya zamani yakawa ya kusomwa na wote. Kabla hajafunga kazi akauliza tena lile swali, bila kumtazama: mashine ikikataa, iseme nini? Safari hii Bi Mwanamwema alizima jiko kwanza. Alimsomea polepole, naye akaandika.

Asubuhi yake, baada ya sala, alikaa mezani na kuingia kama wanavyoingia watu. Mstari mtupu ulikuwa unamsubiri. Mkono ulikwenda wenyewe penye mazoea, ukaandika ile amri iliyokuwa ikimwonyesha nani ameingia na nani hajaingia. Aliona alichofanya wakati kidole kimekwisha kubonyeza.

*Asiyeitikiwa asione vibaya. Mwenye nyumba yupo, ila leo hana nguvu za kufika mlangoni. Atakayerudi siku nyingine atapokewa.*

Aliyasoma maneno hayo yote, midomo ikicheza. Kule Thornton Heath huenda Bwana Asad alikuwa amekwisha kuingia alfajiri ile, akamsikiliza mkewe, akatoka. Huenda hakuingia kabisa. Hakuwa tena na njia ya kujua. Kabatini mashine ilinguruma, taa yake ya kijani imefichwa na mlango ambao leo hakuufungua.

Alikunja mikono juu ya magoti, kama mtu aliyekaa kibarazani kwa watu. Hakubisha hodi tena.